Ombi la Kurefushwa kwa Gati la Santa Brigida ili Mume Wangu Arudi Melini

Kwa Mheshimiwa Meya,
Mji wa Santa Brigida.

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, mimi Perpetua Magbanua, muuza samaki wakavu wa hapa sokoni, nimeona nikuandikie wewe kabla sijamwandikia Baba Mtakatifu.

Mume wangu Hermogenes amekuwa serahangi, yaani nyapara wa mabaharia, kwa miaka thelathini na mmoja. Katika miaka hiyo tumekaa pamoja, nikijumlisha likizo zote, miaka minne na ushee. Tulipendana sana. Februari hii alistaafu, akarudi nyumbani moja kwa moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu arudi ameipaka nyumba rangi mara tatu. Anasema chumvi haina likizo. Mbuzi wa jirani alisimama vibaya, sasa ana ubavu wa kijivu.

2. Nikitoka lazima niandike ubaoni ninakokwenda na saa ya kurudi. Jumanne nilichelewa dakika kumi. Nikawakuta shemeji zangu na majirani wamepangwa uani, wamevaa maboya, naye anapiga kelele: "Mtu mmoja haonekani!"

"Mzee wewe, nilikuwa kwa fundi cherehani!"

Aliandika kwenye daftari: amepatikana, hana majeraha.

3. Hili linakuhusu, Mheshimiwa. Alhamisi alikwenda kulikagua gati ulilolizindua mwaka juzi kwa utepe na nguruwe wa kuchoma, ambalo mpaka leo limepungukiwa mita arobaini kufika kwenye kina. Aligonga ubao mmoja mmoja kwa nyundo, kisha akafunga kamba kuzuia njia. Ngalawa za abiria zikakosa pa kushushia watu, matusi yakaanza. Akaja Diwani Eleuterio Pabalan na miwani yake ya jua.

"Kaka Hermo, fungua kamba. Hapa si melini."

"Ndiyo maana naogopa. Meli ikiwa hivi hatuipandi."

Diwani akacheka, akairuka kamba, akakanyaga kwa kishindo ili wananchi waone uimara wa kazi ya serikali. Mguu ukazama mpaka pajani.

Watu walitaka kumng'oa kama muhogo. Hermogenes akawazuia, maana misumari ilikuwa imeelekea juu. Akalala kifudifudi, akauviringishia mguu gunia, akawa anakata ubao kidogo kidogo huku akizungumza naye polepole. "Usitazame chini, ndugu yangu. Hebu nitajie majina ya wanao."

Diwani akataja sita. Mkewe, aliyekuwa amesimama pale, anawajua watano.

4. Tangu siku hiyo mke wa Diwani hanunui kwangu hata dagaa, Diwani mwenyewe amehamia kwa dada yake, na lawama zote ni zetu. Nami, nisikufiche, nilisimama pale na beseni kichwani mpaka shingo ikaniuma. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, sijawahi kumwona mume wangu akiwa kazini. Sikujua kuwa ana sauti ile. Hili nalo ni lalamiko: kwa nini ile sauti walipewa wageni?

Kwa hiyo naomba gati lirefushwe zile mita arobaini kabla ya Krismasi, meli kubwa itie nanga na kumchukua. Ikishindikana, bahari ichimbwe mpaka mlangoni kwangu. Hilo nalo likishindikana, basi gati lirefushwe mpaka Manila, ataenda kwa miguu huku akiligonga.

Wasalimie mama mkwe wako, makarani wote, na mlinzi wa lango lako, akiamka.

Ni mimi mwananchi wako mwenye nyumba inayong'aa,
Perpetua Magbanua

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, simu imelia. Dada mmoja wa ofisi ya wakala wa mabaharia, Manila, anasema meli ya nafaka imekosa serahangi, umri si hoja, ni miezi tisa tu, aje Jumatatu. Nimemwambia amekosea namba. Hermogenes alikuwa jikoni anamenya vitunguu. "Nani huyo?" "Wanauza bima," nikamjibu.

Basi, Mheshimiwa, gati liache kama lilivyo, usiongeze hata msumari. Na akija kukuomba kibali cha kulikagua daraja la mtoni, mpe. Mbao zake ni nyingi mno. Litamweka hapa miaka.