Kuhusu Fundi Cherehani Anayekataa Kufa Katika Sura ya Saba

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za mtu aliyekaa vizuri kitini, akachonga penseli, akafikiri kabla ya kuandika. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo shauri lenyewe.

Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Kwa mujibu wa mkataba tuliotia saini mbele yako, mimi na dada yangu mdogo, ambaye ni muuguzi, tunakuandikia riwaya moja: mimi napanga, yeye anaandika. Muswada unatakiwa mezani kwako mwisho wa mwezi huu. Hautafika, na mkosaji si mimi. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mpango wangu ulichukua miaka mitatu. Una kadi mia mbili na kumi na nne, zimebanwa kwa pini kwenye ukuta wa sebule na kuunganishwa kwa nyuzi: uzi wa bluu ni safari, wa kijani ni ugomvi, mwekundu ni kifo. Uzi mwekundu ni mmoja tu. Unaishia kwenye kadi ya tisini na nane, sura ya saba, ambapo fundi cherehani anaangukiwa na ukuta wa karakana yake siku ya Jumanne yenye mvua. Dada hajapata kuutazama mpango huo zaidi ya dakika mbili. Yeye huandikia jikoni, nyuma ya fomu za hospitali zilizokosewa chapa, huku sufuria ikitokota. Akiulizwa sura inaelekea wapi, hujibu, "Kaka, ningekuwa najua, ningeiandika ya nini?"

2. Ufa wa ukuta huo niliutia mimi mwenyewe katika sura ya pili, kwa makusudi, ili ukomae. Dada akamfanya fundi auzibe. Nilipouliza kwa idhini ya nani, alisema, "Mtu anakaa chini ya ufa miezi mitano, na mikono anayo. Ulitaka autazame tu?" Nilimkumbusha kwamba huyo ni fundi wa nguo, si wa nyumba. Akasema ndiyo maana ameuziba vibaya. Katika sura ya nane nikampelekea fundi homa, akapona. Katika sura ya tisa nikamtumia lori lisilo na breki. Likapita mtaani wakati yeye amerudi ndani kuchukua futi ya kupimia aliyoisahau. Katika miaka thelathini na minne ya ukaguzi sijapata kuona utoro wa namna hii.

Kwa ajili ya kumbukumbu tu: ni kweli marehemu baba yetu alikuwa fundi cherehani, na ni kweli ukuta ulimwangukia Jumanne ya mvua, mimi nikiwa na miaka kumi na minne. Hilo halihusiani na malalamiko haya.

3. Kadi mia moja na kumi na sita zilizobaki zinategemea kifo hicho. Sura ya kumi ni mazishi: waombolezaji arobaini, viti vya kuazima, na ndugu wawili waliokosana ambao wanakutana hapo na kupatana. Nilimwamuru dada aiandike sura hiyo kama ilivyopangwa, asipunguze kitu. Ameiandika. Waombolezaji wote arobaini wamefika, wameketi, wamelia kwa zamu, na aliyewapokea mlangoni ni fundi mwenyewe. Kisha, kwa kuwa wamekuja wengi kwa pamoja, akawapima nguo. Wale ndugu wawili wamepatana baada ya kuchagua kitambaa kimoja.

4. Mama. Yeye husomewa kila sura alasiri akikunja nguo. Tangu alipopata habari za uzi mwekundu, kikombe changu cha chai hukisukuma upande wangu bila kunitazama. Wageni wakija huwaambia, "Huyu wangu wa kwanza anamwinda fundi wa watu. Namwambia mara moja ilitosha, hasikii." Jirani wa mlango wa pili amekuja mara mbili kumwombea fundi msamaha. Mara ya tatu aliacha suruali ya mumewe ipunguzwe sentimita tatu, fundi akipata nafasi. Suruali hiyo imetundikwa kwenye pini ya kadi ya tisini na nane.

5. Nilitafuta msuluhishi. Kinyozi wetu, ambaye hadithi zake mbili zimetoka gazetini, huanza na sentensi ya mwisho kisha hurudi nyuma mpaka aukute mwanzo. Hata kunyoa huanzia kisogoni. Aliomba nimsomee kadi ya mwisho peke yake. Inasema: cherehani inalia tena karakanani. Akauliza, "Sasa mzee, hapa aliyekufa nani?" Nilimweleza kwamba anayeshona hapo ni mtoto wa marehemu. Akauliza mtoto huyo alijifunza kushona lini. Suala hilo halimo kwenye mpango. Niliondoka nimenyolewa nusu.

Ndugu Mhariri, dada anasema hawezi kumlazimisha mtu mzima, na kama ni amri, basi aandikiwe mwenyewe. Katika hili tunakubaliana. Naomba ofisi yako imwandikie fundi barua rasmi, yenye sahihi na mhuri, ikimtaka afike sura ya saba, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, siku ya Jumanne, bila kukosa, na afe. Nakala apewe dada. Nakala nyingine apewe mama, kwa herufi kubwa. Mimi nimewahi kuona kifo kisichopangwa, na si kazi nzuri. Naomba safari hii utaratibu ufuatwe.

Wasalimie wapiga chapa, wasahihishaji, na yule mlinzi wa getini aliyepekua kadi zangu na kuzirudisha zikiwa zimechanganyika. Mwambie nimeshazipanga.

Nabaki wako katika utaratibu,
Mkaguzi wa Shule (Mstaafu),
mwandishi mwenza.

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha niliona niiandike sura ya saba mimi mwenyewe, ili kuokoa muda. Mvua ipo. Jumanne ipo. Ufa nimeufungua upya. Nimefika mlangoni nikiwa na miaka kumi na minne, naye yuko kwenye cherehani, penseli sikioni. Hakuna kadi iliyosema angeinua kichwa. Ameinua. Suruali ya jirani ameipokea, ila anasema sentimita tatu ni nyingi, mbili zinatosha. Kisha ameniambia nisimame wima anipime mabega. Koti langu litakuwa tayari Jumatano. Nimejaza fomu kumi na mbili za dada, na akikuuliza zimekwenda wapi, wewe hujui. Naomba uniongezee muda hadi Jumatano hiyo. Sijui itaangukia sura ya ngapi. Barua ya fundi usiitume.