Uzikate Zikiwa na Maji

Jumatatu, 3 Machi

Hadi sasa sijaamini. Dada ameniruka! Mimi, ndugu yake wa tumbo moja, niliyebeba vioo vya saluni hii begani siku anafungua! Kichwa cha mama mkwe wake amempa Kimya.

Kimya ni msusi mwenzangu. Tulimwita hivyo kwa sababu huongea kama anaogopa kuwaamsha majirani. Na si kichwa tu. Kiti cha dirishani, pale ambapo barabara nzima inakuona ukifanya kazi, kiko wazi. Dada katangaza kwamba mama mkwe akiridhika, kiti ni cha aliyemkata.

Mama mkwe ni mwalimu mkuu. Mimi humwita Kengele, moyoni tu. Ana nywele zake mwenyewe, nene, za kujisokota, na mkasi haujazigusa tangu mwanawe, yaani shemeji yangu, yuko darasa la kwanza. Ijumaa anapigwa picha ya kutundikwa ukutani ofisini kwake. Kwa hiyo anataka mkato wa matabaka: juu fupi, chini ndefu, ziishie mabegani. Leo azinyooshe, kesho aziviringe, keshokutwa azifunge, na zote zimkae. Mkato mmoja, sura tatu.

Nikamuuliza Dada kwa nini si mimi. Akanikumbusha yule bibi harusi wa mwezi uliopita. Nikasema yule alilia kwa furaha. Dada akasema mtu mwenye furaha haombi kofia. Kisha akanionya mbele ya wateja wote: akilia mteja mwingine mmoja tu mikononi mwangu, mkasi nitausikia kwa jirani. Mimi ni wa kufua taulo hadi nizeeke.

Taulo! Mimi!

Jumanne, 4 Machi

Nina mpango. Kengele atakatwa na fundi bora, naye ni mimi. Kilichobaki ni kujifunza huo mkato. Si kwamba siujui. Nikiuona nautambua.

Mchana Kimya alikuwa anamweleza mteja jinsi ya kukata nywele za kujisokota. Nikachukua ufagio, nikafagia nyuma ya kiti chake mpaka sakafu ikaanza kung'aa. Draya ya kukaushia nywele inanguruma, Kimya ananong'ona. Lakini sikio langu si la kawaida. Nimenasa siri yote: nywele kama hizi, uzikate zikiwa na maji.

Nimeduwaa. Ni hilo tu? Maji? Halafu nikakumbuka kwamba wahenga walishasema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Watu wanadhani lile ni onyo. Kumbe lilikuwa somo la ususi!

Jumatano, 5 Machi

Kinyozi hajinyoi, kwa hiyo nimefanyia mazoezi wigi la mke wangu, lile la nywele zilizonyooka. Nikaliloweka, nikaliweka juu ya sufuria, nikalikata matabaka matatu. Likakauka. Halikubadilika hata kidogo! Nikajiona fundi kweli, nikamwita mke wangu aje ashuhudie.

Alishtuka hadi akakaa chini. Aliuliza kama hilo lililo kwenye sufuria ni lake au la mtu mwingine. Nikamweleza kwamba sasa ataweza kulivaa kwa sura tatu. Akasema yeye ana sura moja tu, na niitazame vizuri. Niliitazama. Leo chakula nimejipakulia mwenyewe.

Wanaoishi na fundi ndio wa mwisho kumjua.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilimwambia Kimya kwamba krimu ya kulainisha nywele imekwisha na duka la jirani hawana, itabidi aende sokoni. (Kopo lilikuwa ndani ya ndoo ya taulo. Nililiweka mimi.) Akaondoka. Dada alikuwa ameenda kulipia umeme. Kengele akaingia. Nikamwambia Kimya amepata dharura, mimi ndiye niliyekabidhiwa. Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi anayedai daftari lake limeliwa na mbuzi. Lakini alikaa.

Nikazilowesha. Loo! Zikashuka hadi kiunoni! Nikakata tabaka la chini likagusa mabega, kama alivyotaka. La kati shingoni. La juu mashavuni. Kengele akajitazama kwenye kioo, akatabasamu, akasema hakudhani ningeweza. Mimi pia sikudhani.

Nikawasha draya.

Jamani. Tabaka la juu likajikunja, likapanda. Nikalivuta. Likapanda tena. La kati likafuata. Zilizokuwa mabegani zikakimbilia masikioni, na zile za juu zikasimama wima kama zimeitwa majina darasani. Nikazima draya nikidhani imeharibika. Nywele zikaendelea kupanda zenyewe!

Kwenye kioo kulikuwa na watu wawili, midomo wazi. Kisha tukawa watatu. Dada karudi.

Nikapata akili ya kusema kwamba hii ndiyo sura ya kwanza, mbili zilizobaki zinakuja. Dada akakaa sakafuni, palepale nilipopafagia Jumanne, akalia kwa sauti.

Nasisitiza jambo moja. Sharti lilisema akilia mteja. Mteja hakulia!

Ijumaa, 7 Machi

Jana Kimya alirudi na krimu, akaangalia kichwa, akaniangalia mimi, akachukua mkasi. Akazipunguza zote kwa usawa mpaka kichwa kikawa duara safi. Leo Kengele amepigwa picha hivyohivyo. Nasikia walimu wamemsifu. Nasikia pia amesema amemsamehe aliyemaliza, aliyeanza bado anamfikiria.

Kiti cha dirishani ni cha Kimya. Nilikata rufaa. Nikamkumbusha Dada kwamba mteja hakutoa hata chozi. Akasema yeye ni mkwe, alilia kwa niaba.

Halafu Kimya akaniuliza ni nani aliyenifundisha kukata nywele za kujisokota zikiwa na maji, kwa sababu zikilowa hurefuka, zikikauka hurudi zilikotoka. Nikamwambia ni yeye, Jumanne. Akashangaa. Akarudia maneno yake, na safari hii draya ilikuwa imezimwa.

Usizikate.

Usi! "Si" yote imemezwa na draya! Kumbe kosa halikuwa langu hata chembe. Nimeponzwa na mashine.

Jumamosi, 8 Machi

Taulo. Mikono imekunjamana.

Kimya yuko dirishani. Wapita njia wanamsalimia, anaitikia, hakuna anayemsikia. Na ndiye aliyepewa barabara nzima!

Lakini mambo si mabaya. Jumanne Dada anaenda kwa mama mkwe wake kuomba radhi rasmi, na Jumatatu anataka kupakwa rangi ya nywele ili aende akiwa nadhifu. Mpakaji ni Kimya. Ndivyo Dada anavyodhani.

Mchana Kimya alikuwa anamweleza mteja kuhusu rangi hiyohiyo. Draya inanguruma kama kawaida. Ila makosa humfunza mtu, kwa hiyo safari hii sikusimama mbali. Nilisogea na taulo zangu mpaka karibu nimkalie mteja. Nimesikia vizuri kabisa, neno kwa neno: dawa hii uiache ikauke kichwani.

Hapo hakuna shaka. Dada nikimpendezesha, yule mama atamsamehe, na kiti kitamtafuta mwenyewe.

Kopo la krimu limesharudi ndani ya ndoo. Jumatatu Kimya ana safari ya sokoni. Na Dada, tangu utotoni, akiguswa tu kichwa husinzia. Ataamka amekuwa mtu mwingine.