Jiwe la Wengineo

Inatangazwa kwa wananchi wote, wazima na wagonjwa, kwamba Kamati ya Kudumu ya Kukumbuka Mashujaa, baada ya vikao thelathini na kimoja, imefanikiwa kukumbuka. Jiwe limepatikana. Litazinduliwa Jumamosi saa nne kamili asubuhi. Wananchi wanaombwa kuhuzunika kwa utaratibu.

Tangazo hilo aliliandika Katibu wa Kamati kwa mkono wake, akalibandika mlangoni mwa ofisi, akarudi nyuma hatua tatu kulitazama. Likampendeza. Katibu alikuwa mtu wa karatasi. Wengine Mungu huwapa sauti, wengine miguu ya kukimbia. Yeye alipewa kalamu na mhuri, na alivitumia bila huruma.

Kijiji kilipeleka vijana ishirini vitani. Saba hawakurudi. Mmoja wao alikuwa kaka yake Katibu, baba mmoja mama mmoja, lakini hilo tuliache kwanza, kwa sababu hata Katibu mwenyewe akiingia ofisini alikuwa analiacha nje.

Jiwe lilikuwa na nafasi ya mistari kumi na mitatu. Wafu saba, mistari kumi na mitatu: hata asiyejua hesabu anaona wanaenea na nafasi inabaki. Tatizo lilizuka kikao cha ishirini na nane, Mwenyekiti alipouliza, kwa unyenyekevu mkubwa, jiwe litajuaje limezinduliwa na nani. Swali zito hilo. Likaandikwa jina lake. Makamu akakohoa, likaandikwa la Makamu. Mweka Hazina hakukohoa, alimtazama tu Katibu, na Katibu akaelewa. Kufika jioni mistari kumi na miwili ilikuwa imejaa: wajumbe, mlezi, mshauri wa mlezi, na shemeji yake Mwenyekiti aliyeazimisha toroli la kubebea mchanga.

"Umebaki mstari mmoja," alisema Katibu. "Na mashujaa ni saba."

"Waweke pamoja," alisema Mwenyekiti. "Walikufa pamoja, hawatagombana."

Basi mstari wa mwisho ukachongwa: NA WENGINEO.

Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, mama yake Katibu alifika ofisini. Hakupita kando. Aliketi kwenye benchi la wananchi, akangoja zamu yake nyuma ya mtu aliyekuja kulalamikia mbuzi wa jirani. Zamu ilipofika, Katibu aliinua kichwa, akashtuka.

"Mama! Shikamoo. Si ungenisubiri nyumbani?"

"Marahaba. Nyumbani nina mtoto. Leo nimemfuata Katibu."

"Karibu, mama."

"Jina la kaka yako liko wapi?"

Katibu akaeleza. Alieleza vizuri, kwa maneno marefu marefu: uhaba wa nafasi, vipaumbele, uwiano wa uwakilishi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayengoja maji yachemke.

"Mwanangu hana kaburi," alisema. "Walituletea barua tu. Miaka kumi na minne sina pa kuweka hata ua. Nikasema, haya, angalau kutakuwa na jiwe, nitakwenda niguse jina lake. Sasa nikaguse jina la mtu wa toroli?"

"Yumo, mama. Yumo kwenye wengineo."

"Mimi sikuzaa wengineo."

Katibu akatoa leso, akafuta macho. Ilikuwa aibu, na aliijua, ila akaiita mafua. Akasema kikao kijacho ni baada ya miezi mitatu, alete barua. Mama hakubishana. Aliomba nakala ya utaratibu wa sherehe, kwa kuwa mwananchi ana haki ya nakala, akapewa, imegongwa mhuri. Akaisoma palepale kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Huu mliuandika lini?"

"Kikao cha tatu. Una vipengele vinane, na nakala nyingine imeshapelekwa kambini kwa askari watakaokuja."

"Na tangu hapo hamkuugusa?"

"Mama, utaratibu haubadilishwi hivi hivi. Unataka kikao."

"Ala! Basi msiuguse." Akaikunja nakala, akaaga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwananchi kutoka ofisi ile akitabasamu.

Jumamosi saa nne, Kamati ilikaa chini ya turubai kwenye viti vya mito. Mama saba wa marehemu walisimama juani, nyuma ya kamba, kwa usalama wao. Kambi ilimtuma Sajenti mmoja, mtu mrefu asiyejua kucheka, mwenye tarumbeta mkono mmoja na utaratibu mkono wa pili. Hakumfahamu mtu hata mmoja pale. Alifahamu kusoma.

Pazia likavutwa. Sajenti akapiga saluti, akasoma:

"Kipengele cha tano! Majina yote yaliyo kwenye jiwe, ambayo ni majina ya waliofia vitani, yatasomwa. Baada ya kila jina ndugu wataitwa. Marehemu asiye na ndugu ataliliwa na kina mama waliopo, kwa sauti." Akageukia jiwe. "Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu! Amefia vitani! Ndugu wa marehemu wapo?"

Mwenyekiti alikuwa na soda mdomoni. Mkewe, aliyeketi kando yake, aliangalia huku na huku, hajui kama kuitika ni kosa ama ni wajibu.

"Hana ndugu," Sajenti alihitimisha. "Kina mama!"

Mama yake Katibu akajitwika mikono kichwani. "Uwiii! Mwenyekiti wetu jamani! Umetuachia nani!" Wenzake sita wakapokea, na uwanja ukatetemeka. Maombolezo yalianza kwa mzaha, lakini hayakukaa mzaha. Kilio kile walikuwa nacho miaka kumi na minne, na hakuna aliyewahi kuwapa uwanja. Sasa kilikuwa kinamwagikia mtu mzima anayepaliwa na soda.

"Mimi mzima! Niko hai!"

"Nani huyo anavuruga maombolezo?" aliuliza Sajenti.

"Ndiye mimi Mwenyekiti!"

Sajenti akalitazama jiwe, akamtazama yeye. "Jiwe linasema ulikuwa vitani, mzee. Kama hukufia huko, basi ulitoroka. Watoro tuna gari lao, lile pale."

Mtu wa toroli aliondoka bila kuaga.

"Futa!" Mwenyekiti alimpigia kelele fundi wa mawe aliyelichonga, aliyekuwa pembeni na vifaa vyake. "Futa jina langu!"

"Na langu!" Makamu akaruka kiti. "Anza na langu, mimi nina watoto!" Wajumbe waliosukumana kuingia kwenye jiwe wakasukumana kutoka. Fundi akakoroga saruji, akaziba mistari kumi na miwili taratibu, hana habari. Ukabaki mmoja.

"Na Wengineo!" alisoma Sajenti. "Ndugu wapo?"

"Tupo," waliitika mama saba.

Sajenti alikuna shingo. "Wote mama wa mtu mmoja?"

Hapo Katibu alisimama. "Afande, si mtu mmoja. Ni vijana saba. Wa kwanza ni kaka yangu." Sauti ilimkatika, na safari hii hakusingizia mafua.

Sajenti alivua kofia. "Na majina yao?"

"Nafasi haikutosha," Katibu alinong'ona.

"Haikutosha vipi?" alidakia fundi. Akalisukuma jiwe, likageuka. Upande wa pili ulikuwa mtupu, laini kabisa. "Vikao vyote vile, hakuna aliyeniuliza kama jiwe lina mgongo."

Mwenyekiti alianza kuelekea kwenye gari lake polepole.

"Kipengele cha tisa!" alisema Katibu kwa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia. "Mwenyekiti atasimama wima kando ya jiwe mpaka jina la mwisho limalizike kuchongwa. Viti vitakaliwa na kina mama."

Sajenti alipekua karatasi yake. "Kwangu vinaishia cha nane."

"Lete." Katibu akakiandika palepale, akatoa mhuri mfukoni, akagonga. Sajenti akakisoma, akaridhika, akamgeukia Mwenyekiti. "Mguu sawa!"

Mwenyekiti akasimama imara. Jua lilikuwa limefika utosini. Fundi alipiga magoti, akaweka tindo mahali pa kwanza, akageuza kichwa.

"Mama, jina moja ni kama saa nzima. Nichonge herufi ndogo au kubwa?"

Mama yake Katibu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mito, amenyoosha miguu.

"Kubwa, baba," alisema. "Na usikimbilie."