Chai ya Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 7 Februari 1774

Theluji mpaka madirishani. Dukani hakuingia mtu ila Barzillai Crane, mtengeneza mapipa, aliyekuja kuota moto wangu bila kununua hata msumari. Akatuhubiria, mimi na paka, habari za kodi. Kwamba bunge la ng'ambo, ambamo sisi hatuna hata kigoda, lilitutoza kioo, rangi na karatasi. Tulipopiga kelele wakaziondoa zote wakabakiza ya chai, ili tusisahau nani bwana. Kweli tupu. Mimi husema hivyohivyo kila siku. Akisema Barzillai, inaudhi.

Kisha akaisifu chai yangu ya uhuru. Hayo ni majani ya rasiberi niliyochuma nyuma ya banda wakati wa kiangazi, nikayakausha darini, magunia manne, kwa kuwa kijiji kizima tuliapa mbele ya mchungaji kwamba chai ya kodi haitagusa midomo yetu. Kila mtu anaisifu. Hakuna anayenunua. Barzillai alikunywa kikombe kimoja mwezi wa Novemba, akasema ni kinywaji cha mashujaa. Tangu siku hiyo anaumwa tumbo.

Jerusha mke wangu amesema magunia yashuke darini au mimi nihamie huko nikae nayo.

Jambo kubwa zaidi: kiti cha marehemu Shemasi Holt ki wazi, na Jumapili waumini watachagua mrithi. Wametajwa wawili, mimi na Barzillai. Mashemasi wetu hukaa chini ya mimbari, wakiwatazama watu wote usoni. Mimi miaka ishirini nakaa nyuma ya nguzo. Neno nalisikia, mchungaji simwoni. Mungu anajua ninavyokitaka kiti kile. Nimemkumbusha mara nyingi.

Jumanne, 8 Februari

Mjane Larkin amekuja mlango wa nyuma, shali mpaka puani. Akauliza polepole kama ninayo "ile nyingine". Nikauliza ipi. Akasema kichwa kinamuuma tangu kile kiapo. Nikageuka kuutazama mlango wa mbele, maana baridi ilikuwa ikiingia.

"Ndugu Pettibone," akasema, "nimekuelewa."

Nikamfungia majani ya rasiberi, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Alilipa bila kubishana, jambo nisilowahi kuliona kwake.

Nimeikagua dhamiri yangu. Sikutamka neno chai. Aliuliza kama mzigo umetoka mbali, nikasema mbali. Na kwa theluji hii, nyuma ya banda ni mbali. Tena haukutozwa kodi hata peni. Kiapo ki salama. Chakula kikashuka vizuri.

Alhamisi, 10 Februari

Mlango wa nyuma haupumziki. Mjane Larkin ana kichwa kimoja kinachouma na mdomo usiouma kabisa. Amekuja mama mchungaji, akasema anatarajia mgeni. Amekuja mke wa msagaji unga, na leo amerudi, akisema jana alipoionja alilia, akakumbuka nyumba ya mama yake. Nilikaribia kulia nami. Amekuja hata Mehitabel, mke wa Barzillai, akiniomba nisimwambie mumewe, maana atamtia ndani ya pipa na kupigilia kifuniko. Wote wanasema mamoja: hii ndiyo chai, si ile takataka ninayouza mbele.

Nimetia gome la mwaloni kidogo ipate rangi. Magunia mawili yamekwisha. Jerusha akauliza nani ananunua. Nikasema wazalendo. Akanitazama kama anavyotazama samaki wa juzi.

Ijumaa, 11 Februari

Balaa. Barzillai amekuja akiwa na utepe begani, maana yeye ndiye mkuu wa Kamati inayolinda kiapo chetu. Ametangaza kwamba kuna mtu kijijini anauza chai, na kwamba kesho Kamati itapekua maduka yote. Kijiji kina duka moja. Alisema kwa huzuni iliyomtoa meno yote nje.

Nimekaa nikafikiri. Nikisema ni chai, mimi ni adui wa nchi. Mji wa jirani walimpaka mtu lami na manyoya kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikisema ni majani, nimemlaghai mama mchungaji na nusu ya wake za wapiga kura. Kotekote kiti kinakwenda. Nikafumba macho, nikafungua Biblia, nikaweka kidole nipewe mwongozo. Kikaangukia vizazi katika Mambo ya Nyakati. Nikavisoma vyote. Hakuna aliyewahi kuuza chai.

Nikapata akili. Gunia moja nimeliacha darini nyuma ya bomba la moshi, la pili nimelificha bandani chini ya nyasi za ng'ombe. Wakiliona moja, wataridhika wasitafute jingine.

Jioni nikaenda kukagua. Ng'ombe amekula nusu. Ndiye wa kwanza kuila akijua ni nini.

Jumamosi, 12 Februari

Walikuja na ngoma. Gunia la bandani lilionekana mara moja, kwa kuwa ng'ombe alikuwa bado kichwa ndani. Wakalibeba hadi uwanjani mbele ya nyumba ya ibada. Kijiji kizima kikakusanyika, hata wagonjwa.

Barzillai akapanda juu ya pipa lake mwenyewe.

"Ndugu Eliakim Pettibone," akasema, "mbele za Mungu na majirani zako, hii ni chai au si chai?"

Nikawatazama. Mama mchungaji alikuwa akichunguza mawingu. Mke wa msagaji unga, viatu vyake. Mehitabel Crane alikuwa mweupe kama jibini. Mjane Larkin alishikwa na kikohozi. Mchungaji mwenyewe alikuwa ameshika kofia mbele ya uso, nami nikajua yule mgeni aliyetarajiwa alikuwa nani.

"Ichomeni tu," nikasema.

Wakashangilia, wakachoma. Moshi ukapanda, kisha ukashuka juu yetu. Ulinuka rasiberi, gome na mate ya ng'ombe. Ni Desemba tu, baada ya habari za chai iliyotupwa baharini Boston, tulipochoma chai iliyobaki majumbani mwetu pale pale. Hakuna pua kijijini isiyoijua harufu ile. Hii haikuwa hiyo.

Barzillai akavuta pumzi, akautazama moshi, akanitazama mimi, akawatazama watu aliowatoa kwenye meko yao kwenye baridi hii. Niliona anavyopiga hesabu. Aliyepiga ngoma kuchoma majani ya rasiberi hachaguliwi hata kufagia kanisa.

"Hiyo," akasema, "ndiyo harufu ya dhuluma."

Watu wakakubali kwamba ndiyo yenyewe. Mchungaji akasema amina, haraka kidogo.

Jumapili, 13 Februari

Wamemchagua Barzillai. Mwenye dhambi iliyochomwa hadharani hawezi kukaa chini ya mimbari, na sikuwa na la kujitetea ambalo lisingenizidishia nyingine. Kutoka nyuma ya nguzo naliona goti lake la kushoto. Linaonekana limeridhika.

Jumanne, 15 Februari

Jerusha ameniapisha, mkono juu ya Biblia, kwamba hila basi. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Mchana, mlango wa nyuma, Mjane Larkin. Nikamweleza ukweli wote: yalikuwa majani ya rasiberi tangu mwanzo, pamoja na yale aliyokunywa yeye. Alicheka mpaka shali ikadondoka.

"Eliakim wewe," akasema, "hata Barzillai umemweza. Umewachomea majani, chai umeificha. Haya, nipe ile ya kweli."

Nikakana. Kadiri nilivyokana ndivyo alivyozidi kunong'ona. Basi ukweli nimekwisha kuusema. Asiyeuamini ni yeye. Nikapanda darini. Niliposhuka, Mehitabel Crane alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa na salamu za Bwana Shemasi: tumbo limepona, na angeomba kidogo, isiyo ile ya uwanjani.

Gunia la mwisho halitafika Machi, na rasiberi hazichipui kwenye theluji. Lakini bandani nina njugu za mwaloni za nguruwe. Nimekaanga chache. Ukizisaga ni kahawa kabisa, kwa macho. Shida ni kwamba kahawa hatukuapa kuiacha, kila mtu anainywa mlango wazi. Kodi yake ni ya zamani na watu wameizoea.

Kwenye sala ya jioni Jerusha aliguswa na bidii yangu, akauliza namwombea nani. Nikasema naiombea nchi. Na ni kweli. Nimemwomba Mungu ailainishe mioyo ya wale mabwana wa ng'ambo, waipandishe kodi ya kahawa, tena sana, kabla nguruwe hawajamaliza njugu.