Msiba wa Kompyuta za Lushoto

Alphonce alikuwa anakula chapati na maharage kwa mama ntilie, jirani na stendi ya Lushoto, aliposikia kutoka meza ya nyuma maneno yaliyomfanya aache kutafuna.

"Imekuwa bluu yote," alisema dada mmoja aitwaye Raheli, karani wa ushirika wa maziwa wa Kwai. "Jana jioni iliniambia inajisasisha, nisiizime. Sikuizima. Leo naiwasha, inaleta bluu, inajizima, inajiwasha, inaleta bluu tena."

"Na ya kwa mama Perpetua hivyohivyo," akajibu mwenzake. "Na ya parokiani. Kama kipindupindu."

Alphonce akaagiza chai nyingine, maana riziki ikija haifai kuipokea na koo kavu.

Alikuwa mtu wa Tanga mjini, shati limenyooshwa pasi, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Kitambulisho chenyewe kilikuwa cha kongamano la wauza bima alilowahi kuhudhuria kwa sababu ya chakula cha mchana, lakini alikivaa kikiwa kimegeuzwa, na Watanzania ni watu wa adabu, hatugeuzi kitambulisho cha mtu. Alipanda Lushoto kuuza makava ya kukinga simu dhidi ya baridi ya milimani. Biashara haikuchangamka. Simu za Lushoto zilikuwa zimeizoea baridi kuliko yeye.

Lakini bluu ile aliifahamu. Laptopu yake ilipatwa nayo juzi, na rafiki yake wa Tanga akamwelekeza kwa simu namna ya kuiponya. Dawa ilikuwa nyepesi hadi ikamtia aibu: unaliondoa lile sasisho jipya, basi. Muda wa kuchemsha chai.

Fundi wa kawaida angefurahi, akapita mlango kwa mlango akiponya na kulipwa kidogokidogo. Alphonce aliwaza mbali zaidi. Mgonjwa anayepona kwa muda wa kuchemsha chai hulipa bei ya chai. Mgonjwa aliyekufa hurithiwa.

Akaanza kwa Elinuru, mwenye stesheneri kubwa upande wa sokoni, mtu aliyependa pesa yake, na ya jirani akaipenda zaidi. Kompyuta ya Elinuru nayo ilikuwa bluu. Alphonce akamtoa nje mwenye duka, akafunga mlango, na alipoufungua mashine ilikuwa inaunguruma kwa raha zake.

"Nikulipe nini?" aliuliza Elinuru, huku akiomba moyoni asitajiwe kitu.

"Nipe kile chumba chako cha nyuma na mtaji kidogo," alisema Alphonce. "Zilizobaki mjini nitawaambia wenyewe zimekufa. Nitazinunua kama vyuma, nizifufue, nizipeleke Korogwe. Faida tunagawana."

"Na ya Perpetua?"

"Ya Perpetua ndiyo itakayotangulia kufa."

Elinuru akatoa ufunguo kabla sentensi haijaisha. Perpetua alikuwa mpinzani wake wa miaka yote, mwenye duka dogo la kuchapa na fotokopi mkabala na kanisa. Wiki ile alikuwa na kazi ya kuchapa mitihani ya shule za tarafa. Asipoikabidhi Ijumaa, kazi inahamia kwa Elinuru, na kazi ikishahama kwa Elinuru hairudi.

Perpetua alikuwa mjane wa makamo, sauti ya kwanza katika kwaya ya Walutheri. Alphonce alimkuta ameikodolea macho skrini kama anayesubiri mgonjwa aseme neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekutuma?"

"Nimetumwa na hali, mama." Akaweka sikio juu ya kasha la kompyuta, akafumba macho, akatikisa kichwa polepole. "Ilikuwa na umri gani?"

"Ilikuwa?"

"Pole sana. Sasisho limeingia na moto wake, likakuta mashine imelala na baridi ya huku juu. Moto na baridi vikikutana, bodi ya ndani inapasuka. Dar huko zinapona. Huku milimani haiponi hata moja."

Perpetua akaketi. Kompyuta ile ilinunuliwa na marehemu mumewe, Kristian, msimu wa mwisho wa matunda ya plamsi kabla hajaugua. Akauliza kwa sauti ndogo, "Tukijaribu kuiwasha mara nyingine?"

"Mama, maiti hapimwi homa."

Akamwambia kwamba kwa kumwonea huruma tu angeinunua kwa ajili ya vipuri. Perpetua alihitaji nauli ya kushuka Korogwe kutafuta mashine ya kuazima, akakubali. Alphonce akaibeba kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, mwendo wa mazishi. Siku hiyohiyo akaibeba ya Raheli wa ushirika, na ya parokiani pia, ambako katibu alimwombea baraka.

Jioni simu ya Perpetua ikaita. Ni binti yake Shukrani, anayesoma chuo Arusha.

"Mama, mbona sauti hiyo? Nani amefariki?"

"Kompyuta ya baba yako."

Akasimulia. Shukrani akauliza, "Ilikuwa inaleta bluu na kujirudia?"

"Ndiyo."

"Mama, hata huku chuoni zilikuwa hivyo, na mbona Arusha nako ni baridi? Unaizima kwa kushikilia kitufe, mara ya tatu inakuletea ukurasa wa matengenezo. Hapo unachagua kuondoa sasisho la mwisho. Inawaka kama kawaida. Hata mimi nimeitengeneza ya mwenzangu."

Perpetua alikata simu, akavaa sweta, akaenda hadi nyuma ya duka la Elinuru, ambako watu walimwona Alphonce akiingiza mizigo yake mchana. Pazia la chumba kile lilikuwa fupi. Ndani, juu ya meza, kompyuta yake ilikuwa inawaka, na kwenye skrini picha ya Kristian ametabasamu na kapu la plamsi begani, kama Perpetua alivyoiweka mwenyewe. Pembeni Alphonce anakula karanga.

Alitamani kugonga dirisha hadi livunjike. Lakini mauziano yalikuwa mauziano, na fedha alishazipokea. Angepiga kelele, Alphonce angeshuka mlima usiku ule na mashine zote. Akageuka, akarudi taratibu, na alipofika kanisani alikuwa anaimba kwa chini chini. Waliomfahamu Perpetua wangejua kwamba hapo ndipo pa kumwogopa.

Kesho yake mapema alikuwa kwa mwalimu Silvano, mkuu wa sekondari moja ndogo ya binafsi na mzee wa kanisa. Wakasalimiana Kishambaa, wakaulizana habari za nyumba, za ng'ombe na za migomba, ndipo Perpetua akasema, "Mwalimu, zile kompyuta za stoo bado mnazo?"

"Zile zilizopigwa na radi? Bodi ya shule ilishasema zitupwe. Hatuna pa kuzitupa."

"Nimepata mnunuzi."

Silvano akavua miwani. "Mama Perpetua, zile zimeungua hadi ndani. Kuuza kitu kama hicho si dhambi?"

"Dhambi ni kusema uongo. Mimi nitamwambia zimekufa. Kuna uongo hapo?"

Mwalimu alifikiri kwa uzito wa mtu aliyesomea theolojia kwa njia ya posta. Hakuuona uongo. Akaenda kutafuta kitambaa cha kuzipangusa vumbi.

Kabla ya saa sita Perpetua alibisha hodi kwa Alphonce. Ndani kukasikika mashine zikizimwa harakaharaka, kisha mlango ukafunguliwa.

"Mwanangu, nimekuja na ombi la kijinga," alisema Perpetua. "Ile maiti yangu nimeikumbuka. Ilikuwa ya marehemu. Nataka niiweke ndani, hata kama haiwaki. Na Raheli naye analia, na katibu wa parokia naye anasononeka. Turudishie maiti zetu."

"Mama, biashara ikishafanyika..."

"Sikuja mikono mitupu. Kuna shule inazo zake, stoo nzima, zote zimekufa. Zilitoka Ujerumani ndani ya maboksi. Tupe zetu hizi kuukuu, uongeze na kitu kidogo kwa ajili ya shule, uchukue zile zote."

Alphonce akajikuna kidevu ili kuficha tabasamu. "Zilikufaje?"

"Mimi sikuwepo. Mwalimu anasema zilizima zote kwa pamoja, dakika ileile. Zilikuwa nzima, ghafla hazikuwaka tena."

"Zote kwa pamoja," alirudia Alphonce, kwa huruma nyingi. "Ndiyo dalili zenyewe."

Akakimbilia dukani kwa Elinuru. Akamweleza kuhusu stoo nzima ya kompyuta za Kijerumani, na Elinuru akatoa akiba aliyoiweka kwa ajili ya kupaua nyumba. Akampa hata kompyuta yake mwenyewe aende nayo Korogwe ikaongezewe kumbukumbu, kwa kuwa Alphonce alimhakikishia kwamba tajiri mtarajiwa hafai kufanya kazi na mashine inayosahau.

Saa nane pikapu ya kukodi ikaingia na mzigo wa shule, mwalimu Silvano ameketi mbele na koti lake la kanisani. Makasha yalipanguswa yakang'aa. Perpetua akasimama kando, akasema kwa unyoofu kabisa:

"Mwanangu, kabla hujalipa, tuwashe moja uone mwenyewe. Nisije nikalaumiwa."

Huo ndio ulikuwa mlango wa mwisho wa wokovu wa Alphonce, na aliufunga kwa mkono wake mwenyewe. Akiwasha, italeta bluu. Ikileta bluu, mwalimu mzima wa shule ataanza kuuliza maswali ya kimwalimu.

"Mama, nilishakwambia. Maiti hapimwi homa."

"Mwalimu ni shahidi," alisema Perpetua. "Nimesema hazifanyi kazi."

"Hazifanyi kazi hata kidogo," alithibitisha Silvano.

"Nami nazinunua hivyohivyo," alisema Alphonce, akalipa, akawarudishia zile kuukuu. Hakutaka kukawia. Perpetua akiingiwa na wazo la kuiwasha yake tu, mambo yameharibika. Akamwambia dereva ashuke mlima mara moja, na gari lilipopita Soni alikuwa ameshaamua kwamba Elinuru hatapata mgao wowote. Mtu anayemtamania mjane riziki yake hastahili kutajirika. Alphonce alikuwa na maadili yake.

Korogwe, mnunuzi aitwaye Amiri alikuwa mzee asiyependa maneno mengi. Alphonce akamwambia ampe nafasi kidogo kila mashine ipate tiba. Akachomeka ya kwanza, akabonyeza. Kimya. Haikuja bluu wala nyeusi, haikuja hata taa. Akachomeka ya pili, kisha ya tatu. Amiri akachukua bisibisi, akafungua kasha moja, akainusa bodi iliyokuwa nyeusi kama chungu.

"Hizi zimepigwa na radi," alisema. "Muda mrefu. Umeziokota wapi?"

Alphonce akachomeka ya nne.

Mwisho wa yote iliwaka moja tu, ya Elinuru. Amiri aliinunua kwa bei ya kumsaidia mtu mwenye msiba, dereva wa pikapu akachukua sehemu kubwa, na kilichobaki kikamtosha Alphonce tikiti ya basi la kwenda mbali. Kurudi Lushoto hakukuwezekana, na Tanga wangemtafuta.

Ijumaa mitihani ilikabidhiwa, bado ina joto la mashine. Shule ikapata bati za kuziba stoo ile iliyokuwa inavuja. Raheli akaondoa sasisho mwenyewe kwenye kompyuta ya pili ya ushirika, Shukrani akimwelekeza kwa simu.

Jumatatu dukani kwa Perpetua kulikuwa na foleni hadi nje. Elinuru akaingia, kofia ameivuta hadi machoni, akasubiri zamu yake kama watu wengine.

"Karibu, kaka Elinuru. Nikuchapie nini?"

"Tangazo," alinong'ona. "La mtu anayetafutwa."

Perpetua akaandika ANATAFUTWA kwa herufi kubwa. "Jina?"

"Alphonce."

"Alphonce nani?"

Elinuru akatazama dari. Hakuwahi kuuliza.

"Kazi yake?"

"Fundi... hapana. Andika mwizi."

"Mwizi wa nini?"

"Kompyuta. Na fedha."

"Haya. Watu watataka kujua alizipataje hizo fedha," alisema Perpetua, vidole viko juu ya vitufe. "Nieleze tu, niandike kama ilivyokuwa. Ulimpa za kazi gani?"

Katibu wa parokia alikuwa wa pili, Raheli wa tatu, na wote wawili walikuwa wamesogea karibu. Elinuru akawatazama, akatazama maandishi yaliyokuwa yanamsubiri kwenye skrini.

"Futa," alisema.

Perpetua akafuta herufi moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Kufuta ni bure, kaka," alisema. "Anayefuata."