Nyumba Namba 47 Inaomba Kuhesabiwa

Lubumbashi, Naviundu, tarehe 14 Septemba

Bwana Profesa Sylvain,

Kwa heshima zote, mimi Mama Hortense wa nyumba namba 47, muuza makala, yaani mkaa wa kupikia, nakuandikia kuhusu mwanafunzi wako Paulin. Kwa miaka minne amepita katika nyumba zetu akiuliza mama anafanya biashara siku ngapi kwa wiki, na watoto wanakula mara ngapi kwa siku, ili ajue kama biashara ya mama ndiyo inayolisha watoto. Kwangu jibu ni lile lile: biashara siku sita, bukari, ugali wetu, mara mbili. Mwezi uliopita nilimuuliza nyumba yangu imeonyesha nini. Akanijibu, "Mama, nyumba yenu haisemake kintu." Nyumba isiyosema kitu! Niliumia sana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anasema umemwagiza atumie athari thabiti, yaani kila nyumba ilinganishwe na yenyewe tu, mwaka kwa mwaka. Asiyebadilika hana mchango. Basi kulisha watoto sita miaka minne bila kuyumba, hata mwaka ule mume wangu alipokwama Kambove kwenye uchimbaji, ni sawa na kukaa bure. Tena tofauti kati yangu na mama wa Golf, mtaa wa matajiri, mwenye frigo mbili inafutwa, eti kwa kuwa ni ya kudumu. Mimi naiona kila siku.

2. Njia nyingine, athari nasibu, inatulinganisha pia sisi kwa sisi, na hapo ningehesabiwa. Lakini inataka tukubali kwamba bidii yangu, ambayo Paulin hawezi kuipima, haihusiani hata kidogo na biashara yangu. Profesa, makala yanajiuza yenyewe?

3. Kuna jaribio la kompyuta litakaloamua kati ya njia hizo mbili. Sikuitwa. Hata mwizi wa kuku huitwa mahakamani.

4. Kwa kuwa mnapenda mabadiliko, akina mama wa avenyu yetu tulifanya kikao. Mama Victorine, aliyekuwa akiuza samaki kila siku, sasa anauza Jumatano tu. Mama Mado amemrudisha mume wake kwa mama yake Likasi mpaka utafiti uishe. Mimi nimefunga meza ya makala.

Naomba umtume Paulin haraka aje kutuandika, kabla hatujachoka kubadilika.

Nisalimie Madame, watoto, na wanafunzi wako wote, hata Paulin, maana yeye ni kijana mwenye adabu aliyeharibiwa na masomo.

Mimi niliyetolewa katika hesabu,
Mama Hortense

N.B. Kabla sijaituma barua hii, Paulin alifika jana. Akaandika: biashara hakuna, chakula mara moja. Alifurahi mno, akasema sasa nyumba yangu inathibitisha kila kitu. Binti yangu mdogo, Annie, alikuwa ameketi karibu na kalamu yake. Akamuuliza, "Tonton, ukisha kuandika, tutakula?" Nimeona aibu, Profesa. Leo asubuhi nimefungua meza. Mwaka huu wa tano, alioandika Paulin jana, naomba uufute.