Chungu cha Marehemu Mjomba

Sauti ya chungu kupasuka motoni ndiyo iliyomsimamisha Dokta Nyuzi nje ya karakana ya kuyeyusha na kusubu shaba. Yalifuata matusi ya Shangazi, mwenye karakana, naye Dokta akatabasamu. Palipovunjika vyungu ndipo palipokuwa na riziki yake. (Udaktari alijitunuku mwenyewe, siku aliponunua koti jeupe la mitumba.)

Mkokoteni wake ulijaa vyungu vya udongo wa kawaida, vimechomekwa nyuzi za gunia ili vipendeze. Kimoja tu kilikuwa cha kweli: kauri iliyosukwa nyuzi zisizoungua ndani kwa ndani. Alikirithi kwa marehemu mjomba, aliyemfundisha kazi hii na asimwachie kingine. Hicho hakikuuzwa. Kazi yake ilikuwa kuwauza wenzake.

"Shangazi, tazama!"

Dokta akakitia kile cha mjomba tanurini mpaka kikawa chekundu, akakitoa kwa koleo, akakipiga nyundo. Ufa ukatambaa, ukafika kwenye nyuzi, ukakwama.

"Kingine kingekuwa vigae saa hizi. Humu nyuzi zimeshikana mikono."

"Makubwa! Na hivi vya mkokotenini?"

"Ndugu wa tumbo moja."

"Navichukua vyote. Ila hapa tuna desturi, mwanangu. Chungu kipya, shaba ya kwanza ikishayeyuka huibeba muuzaji mwenyewe."

"Basi nitabeba hiki."

"Hicho umeshakipiga nyundo, si kipya tena. Au ndugu zake unawaogopa?"

Wafanyakazi walikwisha kujaza shaba chungu kimoja cha mkokotenini na kukitia motoni. Harufu ya gunia linaloungua ikaenea.

"Nyuzi zako zanukia," Shangazi akasema kwa upole. "Shika koleo, Dokta."

Dokta akakitazama chungu cha mjomba, kikipoa karibu na kigoda cha Shangazi. Akaitazama miguu yake, iliyovaa ndala. Akachagua miguu.

"Naenda haja, narudi!"

Alikuwa hajafika kona aliposikia nyuma yake sauti ile ile iliyomsimamisha mwanzo: chungu kikipasuka.

"Shangazi," mfanyakazi mmoja akauliza, akikusanya vigae, "hiyo desturi tumeianza lini?"

"Leo," akasema Shangazi, akikivuta chungu cha mjomba karibu zaidi.

Mtaa wa pili, Dokta alikaa ukingoni mwa barabara, akavua koti. Msibani alikuwa amelia kwa sauti kuliko wote, watu wakamsifu. Sasa akamlilia mjomba tena, bila watazamaji, na safari hii machozi yalitoka.